Taja Tarehe, Washa Injini

Mwaka 1964, katika gereji ndogo ya Newport Beach, California, mtengeneza mashua aitwaye Bruce Meyers alimaliza kuunda gari ambalo hakuna aliyeliagiza. Alikuwa ameshafika kwenye matuta ya mchanga ya Pismo Beach na kuona watu wakihangaika na magari mazito yenye injini kubwa za kupozwa kwa maji, yakinguruma na kuzama. Yeye akashika njia nyingine. Alichukua injini, giaboksi na miguu ya Volkswagen Beetle, gari la watu wa kawaida, akaviweka chini ya bodi ya faibaglasi aliyoifinyanga kwa ujuzi uleule wa kuundia mashua. Hakuliwekea milango wala paa. Gari hilo jekundu, jepesi na la wazi ndilo lililoufanya ulimwengu mzima ulijue bagi la mchangani.

Aprili 1967, Meyers na mwenzake Ted Mangels walilipeleka bagi hilohilo La Paz, kusini mwa rasi ya Baja nchini Meksiko, wakaligeuza uso kaskazini na kulikimbiza hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45. Walipita vumbi, mawe na mabonde yenye njia za kubahatisha, na rekodi ya pikipiki iliyokuwapo wakaipita kwa zaidi ya saa 5. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo yakaandaliwa mashindano rasmi katika rasi hiyo, yaliyoitwa Mexican 1000. Washindi, Vic Wilson na Ted Mangels, walikuwa ndani ya bagi la Meyers.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kushangaa. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishuhudia Beetle ikishika nafasi ya kwanza mwaka 1954, ikarudia 1957 na tena 1962, katika tope lililoyashinda magari yenye nguvu kuliko yake. Chuma kilichovuka matope yetu ndicho kilichobeba mabagi ya California. Kwa hiyo, wewe na wenzako mnaoota safari ndefu ya pwani kwa msafara wa mabagi, lile neno la "gari letu ni dogo mno" liondoeni mezani leo. Gari dogo limekwisha kujieleza. Safari za namna hii hufa kabla ya injini kuwaka, na huuawa na maneno mawili matamu: siku moja.

Basi tuitoe safari kwenye ndoto na kuiweka barabarani.

Chagueni njia yenye jina

"Twende pwani" haijawahi kumtoa mtu nyumbani. Semeni mnaanzia wapi na mnaishia wapi. Mimi nawawekea mezani njia moja ambayo kila mpenda bagi anapaswa kuiota akiwa macho: kutoka Astoria, mdomoni mwa mto Columbia kaskazini mwa Oregon, hadi Newport Beach kusini mwa California. Ni karibu kilomita 1,900 za pwani ya Pasifiki. Oregon peke yake ina kilomita 584 za Barabara Kuu namba 101. Mkiingia California mtaendelea na 101 kupitia misitu ya miti mirefu kuliko yote duniani hadi mji mdogo wa Leggett. Hapo ndipo inapoanzia Barabara namba 1, nayo itawarudisha baharini na kuwashusha kusini.

Njiani kuna mambo ya kuufanya moyo wa dereva uende mbio. Siku ya kwanza tu, kati ya Fort Stevens na Gearhart, sheria inaruhusu kuendesha gari ufukweni, matairi juu ya mchanga mgumu, mkipita karibu na mifupa ya chuma ya Peter Iredale, meli iliyokwama hapo mwaka 1906 na bado haijaondoka. Kutoka Florence hadi Coos Bay kuna matuta ya mchanga yanayoenea kwa zaidi ya kilomita 60, mengine yakifikia mita 150 juu ya usawa wa bahari. Mwandishi Frank Herbert alifika Florence mwaka 1957 akitaka kuandika makala kuhusu jinsi wataalamu walivyouzuia mchanga huo usihame. Makala hayo hakuyamaliza, lakini mchanga ukamkaa kichwani mpaka akaandika riwaya ya Dune. Kusini zaidi mtavuka daraja la Bixby la mwaka 1932, bahari ikipiga miamba chini yenu. Kisha Pismo, pale pale Meyers alipopata wazo lake. Hifadhi ya Oceano Dunes iliyopo hapo ndiyo hifadhi pekee ya jimbo la California inayoruhusu magari ufukweni.

Endesheni kutoka kaskazini kwenda kusini, wala msibishane juu ya hilo. Marekani magari hupita kulia, hivyo mkishuka kusini bahari iko upande wenu na kila kituo cha kutazama mandhari mnakiingia bila kukata barabara. Pia upepo wa majira ya joto katika pwani ile huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Mwenye gari lenye madirisha anaweza kuupuuza. Mwenye bagi, asiye na mlango wala paa, ataushukuru kila upepo unaomsukuma mgongoni badala ya kumchapa usoni.

Tarehe kwanza, mengine yafuate

Kundi likikaa kujadili magari, fedha, hoteli na chakula kabla ya tarehe, litajadili mpaka uzee. Tarehe ikitajwa, kila swali hupata mkia wa kushikia. Likizo ya kazini inaombwa lini? Fundi anamaliza lini? Mchango wa mwisho unatolewa lini?

Kwa njia hii, pwani yenyewe imewasaidia kuchagua. Julai na Agosti barabara hujaa watalii, na ukungu mzito wa Pasifiki hulala juu ya lami hadi adhuhuri. Kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Septemba, sehemu kadhaa za fukwe za Oregon huwekewa mipaka ili kuwalinda ndege wadogo wanaotaga mayai mchangani. Oktoba ikikolea, mvua za kaskazini huanza. Kati ya vizuizi hivyo umebaki mwanya mmoja mzuri: kutoka katikati ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba. Shule zimefunguliwa, familia zimerudi makwao, ukungu umepungua, ndege wamekwisha kulea makinda. Wekeni kidole hapo. Andikeni siku ya kuondoka, mwiteni kila mtu aione, na yeyote anayesema "tutaona" mwambieni kwa upendo kwamba nafasi yake inaweza kuchukuliwa.

Mkishakuwa na tarehe, rudini nyuma kwa miezi sita. Kambi za hifadhi za jimbo la California hupokea maombi ya nafasi miezi sita kabla, na zilizo ufukweni huisha upesi. Kwa safari ya Septemba, kazi inaanza Machi. Anayengoja Agosti atalala bara, mbali na mawimbi aliyoyafuata.

Msafara hupimwa kwa aliye nyuma

Hapa ndipo makundi mengi huvunjika, nami naomba mlishike neno hili kuliko yote. Pangeni safari kwa kipimo cha gari dhaifu kuliko yote na dereva mgeni kuliko wote. Mwenye injini kubwa atafika tu. Swali ni kama yule mwenye injini ya zamani, aliyejiunga juzi, atafika akiwa bado anacheka.

Kilomita 1,900 kwa siku 14, mbili zikiwa za kupumzika, ni wastani wa kilomita 160 kwa siku. Kwenye karatasi zinaonekana chache. Ndani ya bagi, upepo ukikupiga masikioni na kona za pwani zikifuatana, ni siku kamili ya kazi, na inawaachia muda wa kusimama, kula samaki, kukaza nati na kutazama jua likizama. Meyers na Mangels walikimbia siku moja na nusu bila kulala kwa sababu walitafuta rekodi. Ninyi mnatafuta pwani. Mkijipangia kilomita 400 kwa siku mtaiona pwani kama mkanda wa kijivu pembeni mwa jicho.

Halafu wekeni kanuni za barabara, chache na za kukaririka. Anayeongoza hashindani na mtu. Kazi yake ni kulinda mwendo. Wa mwisho ni dereva mzoefu mwenye sanduku la spea, na hakuna anayebaki nyuma yake. Katikati, kila dereva anawajibika kwa taa za aliye nyuma yake: zisipoonekana kwenye kioo, unapunguza mwendo, ukifika njia panda, husogei mpaka mwenzako akuone unageukia wapi. Kanuni hiyo moja huwafikisha hata mahali ambapo simu hazina mtandao, na Big Sur ina sehemu ndefu za namna hiyo. Redio ndogo za mkononi ziwemo, lakini kanuni itangulie redio.

Tena, gawanyeni msafara. Sheria ya California inamtaka dereva wa mwendo wa pole kwenye barabara ya njia mbili, akiwa na magari matano au zaidi nyuma yake yasiyoweza kumpita, aingie pembeni pale penye nafasi salama awapishe. Mabagi kumi yaliyoshikana mikia ni ukuta unaotembea, na wenyeji wanaokwenda kazini watawachukia kwa haki. Nendeni kwa makundi ya matatu au manne, mwachane kwa dakika kadhaa, mkutane kwenye kahawa. Adabu hiyo itawafungulia milango zaidi ya rangi za magari yenu.

Chuma kikaguliwe, mwili ukumbukwe

Kwanza, hakikisheni bagi lenu ni la barabarani: limesajiliwa, lina bima, taa, indiketa na namba. Vile vigari vya kisasa vya mchangani vinavyokodishwa kwa saa matutani kwa kawaida haviruhusiwi kwenye barabara kuu. Kwenye matuta ya Oregon nako kuna masharti yake, kibali na bendera ndefu ya rangi kali juu ya gari, ili anayepanda tuta upande wa pili akuone kabla hamjakutana kileleni. Vipateni mapema.

Kisha mfungue injini kwa heshima. Uzuri wa injini hii ya Beetle ni kwamba haina rejeta, bomba la maji wala siri. Inapozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na feni huzungushwa na mkanda mmoja. Mkanda huo huo ndio unaozungusha jenereta. Kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka ghafla mkiwa mwendoni, usiseme "nitaangalia tukifika". Zima injini pale pale, pembeni, maana mkanda ukikatika injini haina tena cha kuipoza, na dakika chache zinatosha kuiua. Kila gari libebe mkanda wa akiba na spana yake, na kila dereva aufunge mwenyewe nyumbani, mchana kweupe, kabla ya kulazimika kuufunga gizani.

Oili yake ni lita mbili na nusu tu, kwa hiyo kijiti cha kupimia kichomolewe kila asubuhi kabla ya chai. Valvu zirekebishwe kabla ya kuondoka. Mabomba ya petroli ya mpira yaliyozeeka yabadilishwe yote, hata yanayoonekana mazima, kwani ndiyo huanzisha moto nyuma ya kiti, na kizima moto kiwe mahali mkono unapofika. Sanduku la pamoja libebe plagi, platini, waya wa klachi, waya wa mafuta, chujio la petroli na tairi za akiba. Bebeni pia pampu ya upepo: mchangani matairi hupunguzwa upepo ili yakanyage kwa upana, na kabla ya kurudi kwenye lami lazima yajazwe tena. Kabla ya kuingia Big Sur jazeni tangi huko Carmel, kwani vituo mbele ni vichache na bei yake inauma.

Wala msiusahau mwili. Picha za California zimetudanganya. Maji ya Pasifiki ni ya baridi, na hewa yake ni ya baridi hata Septemba. Koti la kuzuia upepo, glavu, miwani ya kufunga macho, kofia ya kushika masikio na nguo za mvua si mapambo. Dereva anayetetemeka hufanya maamuzi mabaya, na abiria anayetetemeka huanza kuulizia basi.

Fedha na uongozi

Kwa jambo hili Waswahili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tunajua kamati ya harusi. Tunajua ahadi huandikwa kwa jina, mchango huwa na tarehe ya mwisho, mweka hazina husoma hesabu mbele ya wote, na mwenyekiti ana neno la mwisho ili chakula kiive kwa wakati. Safari ya msafara iendesheni vivyo hivyo. Chagueni mtu mmoja wa njia na kambi, mmoja wa fedha, mmoja wa ufundi, mmoja wa afya na huduma ya kwanza. Mkiamua mambo yote kwa kura ya watu ishirini, mtakula chakula cha mchana saa kumi jioni. Wahenga wa pwani walikwisha kusema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mfuko wa pamoja uwe na sehemu ya dharura isiyoguswa kwa starehe, na mkubaliane mapema, kwa maandishi, jambo gumu kuliko yote: gari likifa kabisa, tunafanya nini? Nani atambeba mwenye gari? Gharama ya kulivuta inatoka wapi? Mkilijibu mkiwa mmekaa kwenye viti, hamtaligombania mkiwa mmesimama kando ya barabara. Aliyepoteza gari abebwe kwenye kiti cha mwenzake hadi mwisho. Msafara unaomwacha mwenye gari bovu haukuwa msafara tangu mwanzo.

Barabara ikifungwa

Itafungwa. Milima ya Big Sur hushuka baharini mara kwa mara. Mei 2017 kipande kikubwa cha mlima kiliporomoka mahali paitwapo Mud Creek, kikaizika barabara, na haikufunguliwa tena hadi Julai 2018. Tangu hapo pameporomoka kwingine pia. Msiichukulie habari hiyo kama sababu ya kubaki nyumbani. Ichukulieni kama sababu ya kuwa na njia ya pili mfukoni: kukata bara kwa Barabara namba 101 kupitia Salinas, mkaibukia tena baharini kusini. Kagueni taarifa za barabara kila jioni, na siku mbili zile za mapumziko zitawapa nafasi ya kupumua.

Na mkitaka kujua nini maana ya kutokata tamaa na pwani, simameni Newport ya Oregon chini ya daraja la ghuba ya Yaquina. Kabla ya mwaka 1936, msafiri wa 101 alilazimika kungoja vivuko ghuba baada ya ghuba. Katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, mhandisi Conde McCullough na wenzake walikamilisha mwaka huo madaraja makubwa matano katika pwani hiyo moja, mazuri kiasi kwamba watu husimama kuyatazama mpaka leo. Waliyajenga wakati nchi nzima ilikuwa na sababu ya kusema "tungoje hali itengemae". Na fukwe mtakazozikanyaga zipo wazi kwa sababu gavana Oswald West, mwaka 1913, alipata sheria iliyotangaza ufuko wa Oregon kuwa barabara ya umma, na kizazi kingine mwaka 1967 kikaongeza sheria ya kuulinda usimezwe na wenye hoteli. Kuna watu waliofanya kazi ili ninyi mpite. Piteni, na mpite vizuri: msikanyage nyasi za matuta, msiwatishe ndege, takataka zenu zirudi nanyi.

Sasa basi, mmejua njia, majira, mwendo, spea na uongozi. Hakuna makala nyingine mnayohitaji kusoma. Usiku huu mpigie simu yule mmoja ambaye akisema ndiyo, wengine hufuata. Mpe tarehe, usimpe wazo. Kesho mfungue mfuko na uwe wa kwanza kutia mchango, hata kama ni mdogo. Jumamosi hii kila mwenye gari alitoe nje, aliendeshe kilomita mia moja, aandike kila mlio, kila nati iliyolegea, kila tone la oili lililodondoka. Jumamosi inayofuata kutaneni kwenye uwanja mmoja, kila mtu na orodha yake, mafundi wasaidie wageni, na mazoezi ya kubadilisha mkanda yaanze kwa saa mkononi. Mwezi ujao nendeni safari ya siku mbili, mlale nje, mgombane kidogo, mpatane, mjue nani hukoroma na nani hupika. Ikifika Septemba hamtakuwa tena watu wenye ndoto moja. Mtakuwa msafara, na msafara uliokwisha kuwa msafara hauzuiliwi na kilomita 1,900. Simu iko mkononi mwako. Piga.